Bubu wa Nyumbani kwa Auleria

Gari la Shibuda lilipokata kona na kuingia uani, Auleria alijua leo hakuna pa kujificha. Tangu asubuhi simu yake ilikuwa haipoi. Yeye ndiye admini wa Sauti ya Ntobeye, kundi la WhatsApp la kata nzima, na wiki ile kundi lilikuwa limeshika moto.

Moto wenyewe uliwashwa na sauti ya mwanamke. Bila kutaja jina lake, alisimulia jinsi Shibuda anavyowachukua wakimbizi wa Burundi kulima shamba lake la Biharamulo, halafu malipo yakikaribia anawaita askari waje kukamata watu waliotoka kambini bila kibali. Mumewe alikamatwa hivyo, akarudishwa ng'ambo ya mpaka, na hajasikika tena. Auleria hakuirusha kwa pupa. Aliwatafuta kwanza watu wengine wawili waliolima shamba lile, nao wakasema yaleyale.

Sasa Shibuda alitaka jina. Asipolipata, angemshtaki Auleria kwa sheria ya mtandao, maana kundi ni lake. Na wanakundi, wale mashujaa wa kuandika "Sema usiogope!", walikuwa wamegeuka ghafla. Futa, dada, utatuponza. Wengine walijitoa bila hata kuaga. Mwalimu Ansbert, aliyekuwa na mdomo kuliko wote, alitoka wa kwanza!

Wasichokijua ni kwamba mwenye sauti, Speciose, alikuwa akilala jikoni kwa Auleria mwenyewe. Akijulikana tu, atavushwa mpaka kama mumewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nina kiu."

Harufu ya pombe ya mtama ilikuwa imejaa ua mzima, na kusema haipo kungekuwa kujishtaki. Auleria akaingia jikoni, akatoka na kibuyu. Shibuda hakukipokea.

"Wewe mtu wa duka la dawa, tangu lini ukapika pombe? Mwite aliyepika aje aonje."

Ndiyo desturi yenyewe. Mgeni hanywi mpaka mpishi ameonja mbele yake, na mwenye nyumba akikataa, ni kama amekiri kuna sumu. Speciose akatoka, macho chini. Akapiga magoti, akaonja, akamkabidhi kibuyu kwa mikono miwili.

"Asante, mama. Unaitwa nani?"

"Ni bubu," Auleria akadakia, haraka mno. Neno lilimchoma mwenyewe. Yeye aliyefungua kundi ili watu waseme!

Shibuda akanywa, akatoa simu yake, akaifungulia ile sauti mpaka mwisho. Uani ikasikika sauti ya Speciose, na mwenyewe amepiga magoti palepale, anaisikiliza.

"Nimeisikiliza siku nzima," Shibuda akasema. "Mwongo mkubwa. Mume wake nilimlipa, akazinywa zote, akamkimbia. Wanaume wa namna hiyo wapo tele."

Vidole vya Speciose vilikuwa vimekamata kitenge. Auleria alitamani amzibe masikio.

"Chagua. Nipe jina, au andika sasa hivi, nikiona, kwamba habari ile ni ya uongo na unaniomba radhi. La sivyo, kesho unalala mahabusu."

Auleria akaandika. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini aliona afadhali aitwe mwongo yeye kuliko mwenzake avushwe mpaka. Aliandika, "Habari ile haikuwa ya kweli." Kidole kikaelekea kwenye kitufe cha kutuma.

"Usitume, dada."

Shibuda akaweka kibuyu chini taratibu. Hakuwa na haja ya kuuliza chochote. Sauti ile alikuwa ameishika kwa moyo.

"Bubu kapona!" akacheka, akaanza kutafuta namba ya askari.

Hapo ndipo hasira ya Auleria ilipoishinda hofu yake. Akafuta yote aliyoandika.

"Speciose, unataka kusema? Kwa jina lako?"

Speciose akatikisa kichwa kukubali. Auleria akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Mimi Auleria, niko nyumbani kwangu. Mzee Shibuda yuko mbele yangu, anawapigia askari. Mwanamke mliyemsikia wiki hii yuko hapa. Akichukuliwa leo, mjue nani kasababisha."

Akamsogezea simu.

"Naitwa Speciose. Mume wangu anaitwa Leonidas. Hakunywa pesa ya mtu, na hakunikimbia."

Auleria akaachia kidole, ujumbe ukaenda. Simu ya Shibuda ikalia mkononi mwake kabla hajapiga, maana naye alikuwa mwanakundi. Akaitazama bila kuifungua. Kisha, kutoka nyumba ya pili, nyuma ya migomba, wakamsikia mtu ameifungulia simu yake kwa sauti ya juu, na Speciose akaanza upya kutaja jina lake.