Machungwa ya Alama

Mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, watu wa Kariakoo walijifunza kuogopa vitu vyao wenyewe. Mwenye sabuni mbili aliificha ya pili. Siku hizi wengi wanajifanya wamesahau. Mimi sijasahau.

Ushirika wetu wa wauza matunda ulikuwa na ghala nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, chumba kirefu kisicho na dirisha. Nilikuwa hamali pale. Lori la Muheza lilipomaliza kushusha machungwa, mwenyekiti wetu, Theophil, alipanda juu ya sanduku akatoa amri: kila chungwa likwaruzwe kwa ncha ya msumari, mistari miwili iliyopishana, kisha yote yafungiwe yangoje kikao cha mgao. Chungwa la alama ni la umma. Likionekana uchochoroni, mlanguzi kapatikana.

"Na sisi tutachorwa lini?" akauliza Mwinyimvua, muuza mananasi, mzee wa maneno.

"Ninyi mnajulikana," akajibu Theophil.

Msumari akapewa Bi Kuruthumu, mjane wa mtaa wa Gerezani. Alichora matenga kwa matenga mpaka kidole gumba kikavimba. Tenga la mwisho, lile la mlangoni, likamshinda. Akalifunika majani ya mgomba, akaenda zake nyumbani kukanda kidole.

Kufuli likapigwa. Kikao kikaahirishwa, kikaahirishwa tena, maana wakubwa walikuwa na kikao cha kupanga kikao. Wapita njia wakaanza kuziba pua. Harufu ilitoka chini ya mlango, tamu kama pombe iliyosahauliwa mtungini, na ndani yake kulikuwa na ubaridi wa udongo uliochimbwa sasa hivi.

Tulifungua mchana, jua la utosi, lakini mwanga ulikuwa kama unasita kizingitini. Hakukuwa na nzi hata mmoja. Machungwa yalikuwa yameota manyoya. Yalianzia pale pale msumari ulipopita: kando meupe, katikati kijani kibichi kama unga. Alama zilikuwa zimenenepa, zimetambaa juu ya ganda, na kila tenga lilitutazama kwa alama ile ile. Nikashika chungwa moja. Kidole kikazama mpaka ndani bila kizuizi chochote, kama nimebonyeza shavu la maiti. Vumbi la kijani likapanda polepole, upepo haupo, likatua kwenye midomo yetu.

"Jini hilo," mtu akanong'ona.

"Jini gani linajua kusoma?" akasema Mwinyimvua. "Pengine halikuanza lenyewe, limefuata alama tu."

Theophil akayavuta yale majani ya mgomba mlangoni. Tenga zima. Machungwa yanang'aa kama yaliyochumwa jana. Nikajua Bi Kuruthumu hatalaumiwa, hata kipofu angeona kilichoozesha yale mengine. Kumbe kipofu wa cheo hapapasi hata ukuta.

"Haya hayana alama," akasema Theophil, akimgeukia Bi Kuruthumu. "Ulikuwa unamfichia nani?"

"Mwanangu, kidole changu kili—"

"Hapa mimi si mwanao! Ya umma umeyatia sumu, yako umeyaacha mazima. Hii ni hujuma." Akaagiza mgambo aitwe.

Tulijua maana yake. Mtaani kwetu mtu alichukuliwa kwa dumu la mafuta ya kupikia, na hadi leo mkewe hajaambiwa alipo.

Bi Kuruthumu hakulia. "Ganda ukilichana, uozo umeufungulia mlango," akasema. "Na aliyesema yachanwe ni wewe."

"Nyamaza! Tenga hili ni ushahidi. Mtu asiliguse."

Mwinyimvua akainama, akachukua chungwa, akalimenya kwa meno.

"Mzee, unafanya nini?" akafoka Theophil.

"Naonja ushahidi. Mtamu, bwana!"

Bi Kuruthumu akaanza kutugawia. Ndio mgao pekee niliouona ukifika kwa watu mwaka ule. Tulikula tumesimama, kimya, haraka, maji ya machungwa yakiosha kile kijani kidevuni. Tulimeza na kokwa. Maganda yakaingia mifukoni na kwenye pindo za kanga. Nyuma yetu, gizani, matenga yaliyooza yalikuwa yakididimia yenyewe, yakitoa sauti ndogo ya unyevu, kama mtu anayelamba midomo.

Mgambo akafika. "Ushahidi uko wapi, ndugu mwenyekiti?"

Theophil akaonyesha tenga tupu. Kisha, kwa kukosa jingine, akaonyesha yale ya manyoya. Mgambo akaokota chungwa moja, akaligeuza. Akajifuta kidole kwenye suruali, akajifuta tena. Kijani hakikutoka.

"Alama hii ya nani?"

Tulimtazama Theophil tu, ghala zima, na mgambo naye akageuza macho akamtazama.

Bi Kuruthumu akajifunga kanga vizuri, akapita katikati yao, akaenda kwake kwa miguu yake mwenyewe.