Kipindi cha Hesabu

Jumanne, tarehe kumi na mbili Novemba, saa mbili kasoro robo asubuhi, Vumilia alirudishwa kwenye mlango wa chumba cha mtihani, mkebe wa rula na bikari mkononi.

"Jina halimo," alisema msimamizi.

Baba yake, Mayala, alikuwa nje ya uzio na baiskeli. Aliiangusha palepale. Fomu ya kurudia mtihani walimkabidhi mkuu wa shule, Mwalimu Athanas, tangu Februari, naye akaipokea kwa mkono wake.

Athanas alitoka ofisini akifuta mafuta ya chapati mdomoni.

"Mtandao, Baba Vumilia. Ulisumbua siku za mwisho za usajili. Ajaribu mwakani."

"Mwakani? Kidato cha sita amefaulu. Chuo kinamtaka alete D ya hesabu tu, aingie uuguzi. Kinachomzuia ni hiyo F yako ya kidato cha nne."

"Yangu?"

"Kwani mimi ndiye niliyempa?" Mayala alifoka.

"Punguza sauti. Watoto wako kwenye mtihani."

"Na huyu wangu ni mbuzi?"

Vumilia alimvuta baba yake shati. Mwaka mzima alikuwa akienda kwa Marselino, fundi wa mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, aliyemfundisha hesabu kwa kuandika na mkaa kwenye bati. Sasa alitazama chini tu, kama vile kosa ni lake.

Hiyo F, Mayala aliijua ilikotoka. Miaka minne shule haikuwa na mwalimu wa hesabu. Kipindi cha hesabu kikifika, kengele inalia, watoto wanashika majembe, wanakwenda shamba la Athanas. Na Mayala, aliyeishia darasa la tatu, ndiye aliyemchongea binti mpini. Alijisifu hadi kilabuni: mwalimu huyu anafunza watoto kazi, binti asiyejua kulima ataolewa na nani? Mkewe, marehemu Agnetha, alisema mara moja tu, "Mie nilidhani tumempeleka kusoma." Akamwambia anyamaze. Akanyamaza, mpaka akazikwa.

Mayala alirudi nyumbani, akawafunga ng'ombe nira, akabeba plau begani.

Shambani kwa Athanas mahindi yalikuwa yamefika magotini. Watoto wa kidato cha pili, sare zimejaa vumbi, walikuwa wakipalilia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Saa hizi mna kipindi gani?"

Walitazamana. Msichana mmoja akacheka kwa aibu. "Hesabu."

"Basi tokeni humo."

Akalizamisha plau. Mahindi yalilala mstari kwa mstari, mizizi juu. Alikwenda, akageuza, akarudi, jasho likimwingia machoni, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alijisikia mtu. Watoto walisimama kando wakitazama, mpaka mmoja akapaza sauti:

"Mzee, umeruka mstari ule pale!"

Akaurudia.

Mgambo walimkamata kabla ya saa sita. Katika ofisi ya kata walimkalisha sakafuni, mikono kambani. Athanas alisimama kando ya mtendaji, hana hata karatasi.

"Andika. Mistari arobaini. Kila mstari mashina mia mbili na kumi. Hayo elfu nane na mia nne. Toa sehemu ya kumi ya wadudu, yanabaki elfu saba mia tano na sitini."

Mtendaji alikuwa bado anaandika mistari.

"Kumbe hesabu unaijua," alisema Mayala.

Mgambo mmoja aliguna, akajifanya anakohoa. Mtendaji alisukuma karatasi na kidau cha wino.

"Weka dole gumba hapa, mzee. Umekiri."

"Nimekiri. Nikifunguliwa nitarudi kumalizia." Mayala alikunja kidole ndani ya ngumi. "Ila kwanza andika na hii. Vipindi vitano kwa wiki, miaka minne, watoto wote wa kijiji hiki. Haya, Mwalimu, piga. Inakuwa ngapi?"