Matundu Manne Chini ya Rangi

Mashine kubwa ya kukereza magurudumu ya treni ilikuwa imepakwa rangi mara nyingi kuliko mlango wa choo cha stesheni. Juu kijivu, chini yake kijani, chini ya kijani nyeusi. Treni ziliacha kuja zamani, karakana ikabaki na popo na kutu, na sasa ilikuwa imeamuliwa iwe makumbusho. Kazi ya kubandua rangi ilipewa wawili: Spana, mkereza vyuma mstaafu aliyeijua kila mashine mle ndani, na mpaka rangi mmoja mwenye domo ambaye watu walimwita Brashi.

"Hii mama ina nguo nyingi kuliko bibi harusi," Brashi alisema, huku akikwangua. "Tukifika kwenye ngozi nitatoa mahari mimi."

Spana hakucheka. Mashine ile ilimuua shemeji yake.

Zamani mashine zote za karakana ziliendeshwa na shafti moja ndefu, mhimili wa chuma unaozunguka, iliyopita juu, karibu na paa, na kutoka kwenye shafti kila mashine ilishushiwa mkanda wake wa ngozi. Mkanda wa hii ulikuwa mpana kama kifua cha mtu. Ulimdaka shemeji mkono wa ovaroli, ukampandisha. Mpaka injini inazimwa, hapakuwa na wa kupelekwa hospitali. Fomani, msimamizi wao, alitamka hapohapo kwamba marehemu alikuwa amelewa. Wakubwa wakalidaka neno hilo kama mpira, likawa ndilo neno la mwisho, na mjane hakupata kitu.

Mjane mwenyewe alikuwa dada yake Spana. Naye aliamini, na alikuwa na sababu: wiki ileile mumewe alikuwa ameletwa nyumbani amebebwa mzegamzega, suruali imelowa, majirani wanachungulia. Tangu msiba, jina la marehemu lilitajwa katika nyumba ile kama tusi tu. Mtoto akivunja sahani, baba yake. Akishindwa shuleni, baba yake. Na kijana wake wa pekee aliporudi siku moja ananuka pombe, mama alisimama mlangoni akamwambia mbele ya wageni, "Nenda ukafe kama baba yako." Kijana alikwenda. Hakufa, lakini hakurudi, na simu za mama yake hapokei. Za mjomba wake hupokea.

"Mzee, njoo uone," Brashi aliita. "Mama ana ndui."

Chini ya rangi nyeusi, ubavuni mwa mashine, pale mkanda unaposhukia, palikuwa na madoa manne ya duara. Spana alikwangua moja kwa ncha ya msumari. Ikatoka puti ya kuzibia matundu, ngumu kama mfupa. Akaendelea kuchimba, mara msumari ukaanza kukwama na kuachia, kukwama na kuachia. Ndani mlikuwa na hesi, ile mifereji ya kuzungushia bolti. Lilikuwa tundu la bolti.

Akafungua la pili na la tatu. La nne halikufunguka, kwa sababu bolti yake ilikuwa bado imo, imekatwa kwa msumeno usawa wa chuma na kupakwa rangi juu. Kuyazunguka yote manne palikuwa na alama pana, chuma kimelika kidogo na kung'aa, kama kidole kinavyolika chini ya pete.

Spana aliketi juu ya ndoo.

"Vipi, Mzee? Sukari imeshuka?"

"Hapa palifungwa kinga," Spana alisema. "Boma la chuma la kuziba mkanda. Mashine ilikuja nayo."

"Sasa ilikwenda wapi?"

"Waliitoa. Ukitaka kubadilisha mkanda lazima ufungue kinga kwanza, kazi inasimama. Bolti moja iligoma, wakaikata."

Yeye na shemeji yake walipoajiriwa walikuta mkanda uko wazi. Waliowafundisha waliukuta hivyohivyo. Hakuna aliyewahi kulalamika, maana walidhani mashine ilizaliwa uchi.

Mkuu wa makumbusho, mwanamke mwenye maneno machache, alikuja akainama, akaingiza kidole katika kila tundu. Akasema yasizibwe. Pale patawekwa kibao cha kueleza kwamba kinga ilitolewa na mtu akafa, na familia ikikubali, jina lake litaandikwa.

Spana alitoka pale anatembea kama aliyevishwa viatu vipya. Njia nzima alimwona dada yake akilia kwa furaha. Alimkuta kwenye cherehani, miwani puani, pini mdomoni.

"Twende karakana."

"Nina gauni la mtu."

"Dada, nimekuomba lini kitu?"

Alikuja. Hakuwahi kukanyaga mle ndani hata siku ya ajali, na aliingia ameubana mkoba kifuani kama anapita kwa vibaka. Brashi alivua kofia, akajitia kutafuta kopo la rangi huko mbali. Spana akamwonyesha matundu, akamweleza kinga, msumeno, puti, kila kitu, mikono ikipunga.

Dada alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuwa amelewa?"

"Hilo silijui, dada. Asubuhi ile mimi sikumwona amelewa. Lakini hata angekuwa amelewa chakari, hata angelala hapa, kinga ingekuwepo mkanda usingemfikia. Hiyo pombe wanayosema haikuwa na kazi hapa."

"Wewe ulikuwa unafanya kazi naye."

"Ndiyo."

"Hukuona kwamba hapa panakosekana kitu?"

"Ningeonaje? Palipakwa rangi."

Dada aliliangalia lile tundu la kwanza. Akaingiza kidole cha shahada, akakizungusha, akakitoa kina grisi nyeusi. Hakulia.

"Sikwenda kumzika," alisema. "Unakumbuka? Nilisema naumwa. Sikuwa naumwa."

"Ulidanganywa, dada."

"Nilidanganywa siku moja. Miaka yote iliyobaki niliendelea mwenyewe." Akamgeukia. "Kwa nini umeniambia?"

"Nilidhani utafurahi."

"Nifurahi nini, mdogo wangu? Mume nilishamtukana akaoza. Mtoto nilishamfukuza. Ulitaka nifurahie matundu?"

Spana alikuwa ameyapanga maneno ya siku hii njiani, na hata moja halikufaa. Dada akaketi juu ya ndoo ileile.

"Mpigie," alisema. "Yangu hapokei. Mpigie wewe."

Spana akapiga, akaweka spika. Iliita sana kabla ya kupokelewa.

"Mjomba, shikamoo. Kuna msiba?"

"Marahaba, mjomba. Hakuna msiba. Nina habari ya baba yako." Akaeleza upya, safari hii polepole, bila kupunga mkono. Upande wa pili kulisikika watu wakishusha mizigo, halafu mlango ukafungwa, kukawa kimya.

"Mama anajua?" kijana aliuliza.

"Nimemwambia leo. Yuko hapa."

"Anasemaje?"

Spana alimtazama dada yake. Midomo yake ilikuwa inafunguka na kufungika. Alinyoosha mkono kuiomba simu, kisha akaurudisha mapajani.

"Anashindwa kusema, mjomba. Ana uchungu."

"Mwambie alie tu," kijana alisema. Sauti haikuwa ya hasira, ilikuwa kama ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Mimi machozi yangu nilishayamaliza. Kibao wekeni, jina waandike, mimi sina neno. Uwe na siku njema, mjomba."

Simu ikakatika.

Huko mwisho wa karakana Brashi alikuwa ameacha kujitia anatafuta kopo. Amesimama tu, kofia mkononi. Mkuu wa makumbusho akatokea na karatasi zake, akawaona, akarudi alikotoka.

Dada alikuwa anafuta kidole kwenye gauni lake jema, anafuta na kufuta, na grisi inazidi kutambaa.

"Piga tena," alisema.

Spana akapiga. Haikuita.

"Ameizima, dada."

"Piga tena."

Akapiga.