Maji Yalipokomea

Bahari iliingia nyumbani kwa Bi Hafswa Jumanne moja baada ya sala ya alasiri, wakati yeye amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Ilipita mlango wa mbele, ikafuata ukumbi, ikasimama karibu na sinia lake. Haikuvua viatu kwa sababu haina. Bi Hafswa aliinua sinia ili nazi isirowe, akasema, "Karibu," kisha akamalizia kizio alichokuwa nacho mkononi.

Hakuona ajabu kubwa. Mtaa wao, hapo nyuma ya Shelly Beach, ulikuwa ukienda baharini kwa njia moja nyembamba tangu bibi yake hajaolewa. Watu walikwenda kuoga, kuokota chaza, kutuliza watoto wenye vikohozi, na wengine kukaa tu wakiwasengenya walioko majini. Mwaka huo kampuni moja ilinunua kiwanja cha mbele ikajenga ukuta mweupe, na ukuta ukaimeza ile njia. Sasa bahari na mtaa ni watu wa kutembeleana. Mmoja akizuiwa njia, mwenzake ndiye huja. Tabia njema haina maana nyingine.

Justus, askari wa lango la kampuni, ndiye aliyeipisha. Philister, mpangaji wa Bi Hafswa aliyekuwa akitoka kiwandani jioni, alimuuliza imekuwaje.

"Mimi niliambiwa nizuie watu wasiingie, dada," Justus alisema. "Kuhusu wa kutoka, hakuna kitu niliambiwa. Ikanipita hapo, nikaisalimia."

Kwa Bi Hafswa ujio huo ulikuwa faraja iliyokuja kwa wakati wake. Alikuwa ndani ya eda. Mumewe, Mzee Barakat, alikuwa na desturi ya kwenda kukanda magoti yake kwa maji ya chumvi kila alfajiri. Ukuta ulipofunga njia, magoti yakamlaza kitandani, na kutoka kitandani hakuinuka tena. Madaktari walisema ni presha. Bi Hafswa hakubishana na madaktari, ila alipolia alilia kwa kuutazama ukuta.

Na katika ukoo wao mjane hatoki eda mpaka wanawake wampeleke baharini wakamwoshe, wamvue nguo nyeupe, wamfukize udi na kumrudisha nyumbani akiwa mtu wa watu tena. Mama yake aliogeshwa hivyo, na bibi yake vilevile. Njia iliyobaki ilikuwa kuzungukia kivukoni. Bi Hafswa alikuwa amejiona kichwani mwake, amerowa, kanga imemgandama, akipita katikati ya maelfu wanaokimbilia feri. Fikra hiyo ilikuwa ikimnyima chakula.

Palibaki swali moja, nalo alimtuma Philister akaulize kwa maalim: mjane aliye edani haonani na wanaume wasio maharimu wake, je, bahari ihesabiwe vipi? Maalim alifikiri kidogo, akajibu kwamba bahari si mwanamume, maji yake ni twahara na maiti wake ni halali, kwa hiyo hapana ubaya, ila isije na wavuvi.

Haikuja na wavuvi. Ilikuja kila maji yalipojaa. Siku za maji mafu, yanapojaa kidogo, ilifika kizingitini tu, ikajishikilia hapo kama mtu mwenye haya. Siku za bamvua, yanapojaa kupita kiasi, iliingia hadi chumbani, ikalowesha miguu ya kile kitanda alichofia Mzee Barakat. Ilipotoka iliacha samaki tasi wawili watatu karibu na jiko, na Philister akawakaanga. Majirani nao wakaja na watoto wenye vikohozi, wakawakalisha ukumbini. Ilikuwa raha, na Bi Hafswa, ambaye alikuwa hajacheka tangu matanga, akasikika akicheka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," walisema majirani.

Kampuni ikamtuma mpima ardhi. Aliitwa Lenox, kijana mwenye adabu, amebeba chombo chake cha miguu mitatu. Bi Hafswa alizungumza naye kutoka nyuma ya pazia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Philister, mpe kijana maji ya kunywa."

"Asante. Mimi nimekuja kuuliza kitu kidogo tu. Hii maji ikijaa, huwa inafika wapi?"

Mtu wa mahali pengine labda angejibu kwamba hajui, au angeuliza wewe wataka kujua kwa nini. Lakini watu wa mtaa ule ukiwauliza habari za mgeni wao, umewapa sherehe. Huwezi kusema mgeni wangu huishia mlangoni, itakuwaje, humkaribishi? Bi Hafswa alijiona anatuhumiwa ubahili.

"Yafika wapi? Hayana mahali yasipofika! Yaingia ukumbini, yaja jikoni. Siku za bamvua yafika mpaka kitandani pangu. Mi' siyazuii, wallahi. Philister, mwonyeshe kitanda."

Philister alimwonyesha kitanda. Majirani waliokuwa barazani wakaingia kushuhudia, kila mmoja akaongeza chake. Mmoja alisema yanafika nyuma ya kitanda, ukutani kabisa. Mwingine akaapa ameyaona chooni. Lenox alimshukuru kila mtu kwa jina, akapima, akachimba shimo dogo penye mchago wa kitanda, upande wa kichwa, na kusimika jiwe la mpaka. Alipomaliza alikunjua mkeka aliouondoa sakafuni, akaurudisha ulipokuwa.

"Hilo jiwe la nini?" Philister aliuliza.

Lenox alieleza bila kuficha, maana hakuwa mtu wa kuficha. Kiwanja cha kampuni, alisema, kinaanzia barabarani na kuishia pale maji ya bahari yanapokomea yakijaa, popote pale. Zamani yalikomea ufukweni. Sasa yanakomea kitandani. Kwa hiyo kitanda, jiko, ukumbi na baraza viko ndani ya kiwanja, na chumba cha Philister pia, pole sana dada.

Kutoka nyuma ya pazia Bi Hafswa akauliza kama kijana amekunywa yale maji yake.

Mtaa ulihangaika kama unavyohangaika mtaa. Wazee walikwenda ofisini, wakaambiwa warudi Alhamisi, wakarudi Alhamisi. Walieleza kwamba bahari ilikuja kutembea tu, si kuhamia. Karani aliwasikiliza vizuri sana, akawauliza kama kuna aliyeilazimisha bahari kuingia. Wakasema hakuna. Kama kuna aliyeikataza. Wakasema, astaghfirullah, nani amkataze mgeni? Basi, karani akasema, mambo yako wazi. Mwenye nguvu mpishe. Wazee wakavaa viatu vyao wakatoka.

Ila kampuni ilikuwa inaheshimu dini, na ilimtuma Justus akaliseme hilo. Bi Hafswa hatahamishwa mpaka amalize eda yake. Wajenzi walitakiwa wasipige kelele wakati wa sala, na ukuta mpya ukaanza kujengwa kuzunguka nyumba taratibu, kwa heshima zote, na mwanamke yumo ndani.

Siku ya kutoka eda bahari ilifika mapema na ilikuwa safi kuliko siku zote. Wanawake walimwogesha Bi Hafswa uani kwake, wakamvua nyeupe, wakamvalisha kanga ya rangi, wakamfukiza. Alilia, na hakujua kilio kipi ni cha mume na kipi ni cha nyumba. Kisha akabeba furushi la nguo zake na ile mbuzi ya kukunia, akatoka. Justus alifunga lango nyuma yake. Aliomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Philister alipata chumba Bombolulu. Bi Hafswa alikwenda Timbwani kwa mpwa wake, Lamis, ambaye ana nyumba ya vyumba viwili na moyo mpana. Kutoka Shelly Beach mpaka hapo si hatua mbili, lakini mtu akimpenda mwenzake haoni mbali. Juma lilipokwisha bahari ikatoka kwa lango jipya, ikauliza njia, ikafika. Ilisimama uwanjani kwa Lamis, mawimbi imeyakunja, ikingojea kukaribishwa.

Lenox alifika kesho yake na chombo chake. Alisimama mbele ya baraza, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu na tasi mmoja anazunguka kamba za viatu vyake. Safari hii Bi Hafswa hakuwa nyuma ya pazia.

"Shikamoo mama. Samahani tena. Hapa maji yanafika wapi?"

Bi Hafswa alimtazama yule tasi. Moyo ulimuuma sana.

"Marahaba. Maji gani, mwanangu?"

"Maji ya bahari."

"Bahari iko mbali huko. Hapa hata ya mfereji hayafiki. Lamis, wewe wayajua maji?"

"Wallahi siyajui, shangazi."

Majirani walioulizwa hawakuyajua pia. Lenox alitazama viatu vyake, akawatazama wao. Alikuwa mtu wa kazi. Aliandika alivyoambiwa, akakunja miguu ya chombo, akaanza kuondoka, kila hatua yake ikifanya mlio wa maji.

Bahari nayo ilikuwa imesikia. Ilirudi kinyumenyume, kwa adabu ileile iliyokuja nayo, ikakunja pembe ya nyumba ikaenda. Bi Hafswa alichukua fagio akafagia mchanga ulioachwa kizingitini, akilia waziwazi, huku Lamis akimhimiza afanye upesi kabla yule kijana hajageuka nyuma.