Herufi Sita Chini ya Muhuri

Tangu Machi watu walikuwa wakimpa Batholomeo pole, naye alizipokea kama alivyozoea kupokea bahasha: anaitikia, anaweka, anaendelea na safari. Mkewe Yasinta alikuwa amezikwa Kibakwe. Msibani hakulia. Shangazi zake walisema atalia baadaye, na hiyo baadaye ikaja ikapita, yeye bado anakula, analala, anaamka, na chakula hakina ladha ya kukipenda wala ya kukikataa.

Alikuwa tarishi wa hospitali moja ya misheni mjini Dodoma. Hospitali hiyo ilikuwa na tawi Kibakwe, kwenye vilima vya Mpwapwa, ambalo halikuwa na maabara ya maana. Damu za wagonjwa zilipelekwa Dodoma, na majibu yalirudi kwa mkono wa Batholomeo, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi. Kwa simu hayakutumwa. Mwaka mmoja nesi fulani alipiga picha majibu ya mtu akayarusha WhatsApp, na kesho yake kijiji kizima kikawa kinamjua mgonjwa kuliko daktari wake. Uongozi ukaweka sheria: siri ya mgonjwa hupita kwenye bahasha tu, na tarishi hafungui bahasha. Kwa miaka kumi na tisa Batholomeo hakuivunja sheria hiyo hata mara moja. Alijivunia jambo hilo, enzi zile alipokuwa bado anajivunia vitu.

Machi sheria hiyo ilimkuta Gulwe, njiani kwenda Kibakwe. Mto ulifurika, magari yakasimama, naye akakaa siku mbili kwenye banda la mama lishe, mkoba mapajani. Ndani ya mkoba kulikuwa na majibu ya damu ya Yasinta, aliyekuwa amelazwa Kibakwe. Alijua yamo, kwa sababu jina juu ya bahasha aliliandika yeye. Mwandiko wake ndio uliokuwa mzuri kuliko wote pale hospitali. Simu yake ilikuwa na chaji, na mtandao ulikuwepo. Hakufungua. Maji yalipopungua alifika Kibakwe na bahasha safi, haijakunjika hata pembe, na Yasinta alikuwa amefariki alfajiri ya siku hiyo. Majibu yalisema dawa aliyokuwa akichomwa haimsaidii, yakataja inayomfaa. Dawa hiyo ilikuwepo kabatini, hatua ishirini kutoka kitandani kwake.

Baada ya hapo uongozi ukaamka, kwa vikao, kama uongozi unavyoamka. Ikaamuliwa kwamba mtandao wa kompyuta wa Dodoma na ule wa Kibakwe iunganishwe. Zablon, fundi wa mitandao, alimweleza Batholomeo kwa lugha ya nyumbani. Kila upande una mtandao wake wa ndani, kama ua wenye lango. Sasa kati ya nyua hizo mbili utapitishwa mfereji ndani ya intaneti ya watu wote, na kila kinachopita humo kitavurugwa, hata anayechungulia njiani asiambulie kitu. Mafundi waliuita VPN. Na ili malango mawili yatambuane, lazima yote yawe na neno moja la siri.

Katibu wa hospitali, Ludovick, naye alimweleza yake bila kumzungusha. Mkataba wa tarishi unaisha tarehe thelathini Juni, pamoja na mwaka wa fedha. Mfereji ukifanya kazi kufikia siku hiyo, nafasi yake haimo katika mwaka mpya. Usipofanya kazi, ataongezewa mwaka mzima. Batholomeo alikuwa na miaka hamsini na miwili, na mwanawe wa mwisho, Sila, alikuwa kidato cha tatu, anakaa bweni. Alijibu kwamba amesikia, akaenda kunywa chai.

Neno la siri lilikuwa herufi na tarakimu ishirini na nne zisizo na maana yoyote. Zablon alisema printa huweka kumbukumbu ya kila inachochapa, kwa hiyo liandikwe kwa mkono, na mkono wake yeye ni wa kuku aliyepita kwenye tope. Akamwomba Batholomeo. Batholomeo aliandika katikati ya karatasi, herufi moja moja, kisha akazikagua kwa kidole mara tatu, ndivyo alivyozoea. Zablon akaliingiza upande wake, mashine ikalionyesha kwa nukta tupu, na karatasi ikatiwa kwenye bahasha. Tarishi akaondoka na bahasha ya kumtoa kazini, na hata hilo halikumuuma. Ilikuwa safari tu.

Alifika Kibakwe tarehe thelathini, saa saba mchana. Erica, fundi kijana aliyeajiriwa Mei na kutangulia huko kufunga vifaa, alimwamkia shikamoo na kunyoosha mkono aipokee bahasha. Lakini Kibakwe barua haimfikii mtu bila kupita kwa Debora wa masijala, na Debora ni mtu wa muhuri. Ukimwachia nafasi atamgongea hata mgeni kwenye paji la uso. Aliifungua bahasha, akaona karatasi yenye mstari mmoja katikati, akagonga IMEPOKELEWA papo hapo juu ya mstari, wino wa buluu juu ya wino wa buluu. Herufi sita zikapotea.

Erica aliishika karatasi dirishani, akaigeuza huku na huku. Akabahatisha mara mbili, mashine ikagoma. Akampigia Zablon, naye akasema upande wake anaona nukta tu, na hata angekuwa analiona asingelitaja kwenye simu. Itabidi atunge jingine, na liletwe kwa bahasha. Kesho kutwa, mapema kabisa.

Kesho kutwa ilikuwa Julai. Debora ndiye aliyeligundua hilo kwanza. Alikuwa amejaa aibu kwa kosa lake, na sasa aibu ikageuka furaha. Alimvuta Batholomeo hadi kwenye benchi la korido.

"Nyamaza tu, baba Sila," alimwambia. "Mwaka mzima huo."

Kunyamaza hakukumpa shida, maana alikuwa amenyamaza tayari. Herufi zile sita alikuwa nazo kichwani. Hakuzitafuta, zilikuwepo tu, kama jina la mtu. Na sheria ilikuwa upande wake: tarishi hajui kilichomo ndani ya bahasha, na hakuna ambaye angemuuliza. Alimfikiria Sila na shule yake. Aliketi, akasubiri mchana uishe. Ndipo alipotazama chini akaona mkoba uko mapajani, na mikono yake yote miwili imeufunika, vilevile kama alivyokaa Gulwe.

Aliogopa. Kilikuwa kitu cha kwanza kukihisi tangu Machi, na akainuka kabla hajaamua kuinuka.

"Mwanangu, andika," alimwambia Erica. "K kubwa. Saba. M ndogo, halafu m ndogo tena. R kubwa. Nne."

Erica alimtazama, akamtazama Debora, kisha akaandika. Debora alifumba macho. Kwenye kifaa cha ukutani taa moja ikageuka kijani, na Zablon akasema kwenye simu kwamba imekubali.

Lakini Erica alitaka wahakikishe. Alisema wafungue faili la mgonjwa yeyote lililoko Dodoma, akaomba jina, asijue anamwomba nani.

"Yasinta Elieza," alisema Batholomeo.

Faili lilifunguka kabla hajamaliza kuvuta kiti. Kila kitu kilikuwemo: kipimo, jina la dawa, tarehe. Aliyasoma majibu hayo yote, halafu akauliza, kama mfereji huu ungekuwepo Machi, majibu haya yangefika huku saa ngapi.

Erica alisoma kwenye kioo. "Saa nne na dakika kumi asubuhi, baba. Hapo hapo yalipotoka."

Saa nne ya siku hiyo Batholomeo aliikumbuka vizuri. Alikuwa amempigia Yasinta simu kutoka Dodoma. Yasinta alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji, akilalamika kwamba manesi wa Kibakwe hawajui kutia sukari. Naye alimwambia avumilie kidogo, majibu atamletea yeye mwenyewe.