Boneti ya Kinyozi

Katika kazi yake ya kupaka rangi vigari vya rimoti, Shangazi alikuwa na sheria moja iliyozipita zote: nailoni haibanduliwi. Bodi za vigari hivyo, yaani maganda yake ya plastiki, huja angavu kama gilasi, na juu zimevishwa nailoni nyembamba ya kuzikinga. Rangi hupakwa kwa ndani. Ukitaka mistari myeusi juu ya njano, unaanza na nyeusi, unafuata na njano, unamalizia na nyeupe ya kuipa njano nguvu. Cha kwanza ndicho kitakachoonekana. Cha mwisho hufichika. Kazi ikiisha, mwenye gari huibandua nailoni kwa mkono wake, wote waliomo chumbani wakitazama.

"Biharusi hafunuliwi na fundi cherehani," Shangazi alizoea kusema.

Aliishi na binti wa kaka yake, aliyeitwa Nukta kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo, na maneno yake yaliisha kabla hayajaanza. Kazi ya Nukta ilikuwa kuosha bodi kwa sabuni ya vyombo, kuzikausha bila kuacha alama ya kidole, na kuziba madirisha ya vigari kwa utepe wa karatasi. Lakini siku hiyo Shangazi aliteguka kifundo cha mkono, na kinyozi wa jirani alitaka bodi yake jioni ileile. Kesho yake alikuwa na mashindano.

"Ipake wewe," Shangazi alisema. "Ukiiweza, meza hii tutagawana. Ukiiharibu, ni wewe na beseni lako, usije ukaninunia. Bodi ya umbo hili sina nyingine."

Akaenda kufungwa mkono.

Nyeusi ilikwenda vizuri. Njano Nukta aliipuliza kwa kopo kidogo kidogo, kama mtu anayepoza chai. Ilipokauka, akaigeuza bodi huku na huku. Kwa ndani ilikuwa ovyo: mawingu na madoa, mistari imezama haionekani. Kwa nje nailoni ilikuwa na ukungu, kila kitu kama kinatazamwa ndani ya maji ya kufulia. Huko katikati, rangi ilifananaje sasa hivi, kabla mtu yeyote hajaiona? Swali likamwasha kama upupu.

Akainua kipembe cha nailoni pale puani mwa boneti. Njano ikamtazama, mbichi, inang'aa, na ukingo wa mstari mweusi umekatika kama kwa wembe. Nukta akacheka peke yake. Akairudisha nailoni, akaikandamiza kwa dole gumba, akapuliza nyeupe.

Lakini nailoni ikishabanduka haishiki tena kama mwanzo. Alipokuja kuikagua bodi, vumbi jeupe la rangi lilikuwa limejipenyeza chini ya kipembe na kutua juu ya plastiki yenyewe, mbele ya njano, doa kama ukucha.

Chupa ya thina ilikuwa rafuni. Akainyooshea mkono, akasita. Itafanya nini hasa? Chini ya meza palikuwa na sanduku la mabaki yanayokatwa pembeni mwa bodi. Akavitoa vipande kadhaa, akavipulizia nyeupe, vilipokauka akaanza kujaribu. Thina ilikifanya kipande kiwe na ukungu kama jicho lenye mtoto wa jicho. Dawa ya kutolea rangi ya kucha ilikipasua nyufa. Maji ya sabuni hayakufanya lolote. Dawa ya meno ilitoa vumbi, ikala na mng'ao. Hapo hofu alikuwa ameshaisahau. Alitaka tu kujua kifutio cha penseli kingefanyaje.

Kifutio kilivishinda vyote. Akakipitisha puani mwa boneti taratibu, mpaka pakabaki alama hafifu, kama pumzi juu ya kioo.

Kinyozi aliingia pamoja na Shangazi.

"Yuko wapi biharusi wangu?" aliuliza, akaishika nailoni na kuivuta yote kwa mara moja. "Dada, hii siipeleki mashindanoni. Naitundika dukani, wateja wanyolewe wakiitazama."

Shangazi aliichukua, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. "Hapa puani pana nini?"

"Pana pua," alisema kinyozi. "Mimi sioni kitu."

Nukta angeweza kukaa kimya, kimya alikizoea.

"Nilichungulia," alisema. "Nikabandua kidogo. Nyeupe ikaingia, nikaifuta."

Kinyozi alimgeukia. "Kumbe biharusi wangu ameshaonwa na watu! Haya, alikuwaje?"

"Mzuri," Nukta alisema, akitazama sakafu.

Kinyozi akaondoka anacheka, bodi kaikumbatia kama mtoto mchanga. Shangazi hakucheka.

"Umeifuta kwa kitu gani? Thina ingeila."

Nukta akavipanga vipande mezani. Shangazi akaviinua kimoja kimoja, akavinusa, akavipitishia ukucha. Bodi ikiingia vumbi, yeye siku zote aliitupa.

"Hiki ni kifutio?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na unga wa chaki?"

"Sijajaribu."

Shangazi alivuta kiti, akakaa upande mmoja wa meza, akamsogezea Nukta kiti cha pili.

"Ukichungulia tena, huo mkono nitaufunga kwa utepe," alisema. Kisha akachagua kipande chenye vumbi, akakishika imara kwa mkono wake ulio mzima. "Saga chaki. Halafu sugua polepole, na mimi nione."