Tone Kwenye Piko

Joto lilianzia chini ya kitovu, pale pale penye mshono, likapanda kifuani kama tanuri lililofunguliwa kifuniko. Kibibi alikuwa ameuinamia mkono wa kushoto wa Zeina, bi harusi, kijiti cha piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mwilini, kikiwa katikati ya jani la tatu. Akabana meno. Lisije sasa. Yarabi, lisije sasa.

Likaja.

Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu alipotolewa vifuko vya mayai ya uzazi, vyote viwili, kwa sababu ya uvimbe. Siku ya kutoka hospitali, muuguzi Jedida alimwambia bila kumficha: "Hedhi yako imekoma kwa ghafla, dada, si polepole kama ya wanawake wa makamo. Utawaka moto. Utalia, utagomba, wala hutajua kwa nini. Si wazimu. Yakikuzidi, rudi."

Lakini maneno ya hospitali hubaki hospitali. Nyumbani Muyeye, mavyaa wake Bi Afiya, mama wa mumewe, alikuwa na jina jingine la maradhi hayo.

"Pepo huyo," alisema, siku Kibibi aliporusha bakuli la tambi ukutani kisha akaketi sakafuni kulia. Akamnywesha kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi. Kibibi akanywa mpaka tone la mwisho. Adhuhuri ile ile joto likarudi. Hapo ndipo hofu ilipomwingia kwelikweli. Pepo hupungwa akatoka. Je, kama ni yeye mwenyewe? Mtu ataikimbilia wapi damu yake?

Leo asubuhi Bi Afiya alivaa buibui kabla yake. "Nitakwenda nawe nikutazame. Fundi mwenye pepo hatii bi harusi piko. Ukishindwa, hivyo vijiti vyako uvitupe."

Miaka kumi na minane ya kazi, na bi harusi huyu ndiye wa kwanza tangu kisu kilipompita tumboni. Na piko halina msamaha. Likiwa bichi hutiririka, likikauka halifutiki.

Jasho likajikusanya juu ya nyusi. Bi Amal, shangazi yake bi harusi, akamwona.

"Fundi, mbona waroa kama ngisi? Au anayeolewa ni wewe?"

Wanawake wakacheka. Kibibi naye akajaribu kucheka, na katika kucheka huko kichwa kikatikisika. Tone la jasho likaanguka.

Likatua kwenye jani la tatu. Mstari mweusi ukaliacha jani, ukateremka kiganjani hadi kwenye mshipa, kama chozi la wanja. Kicheko kikakatika. Pembeni, ambako Bi Afiya aliketi na tasbihi mkononi na kipepeo cha ukili cha kujipepea miguuni, ikasikika sauti: "Nilisema mimi."

Kibibi hakujua kama ni kilio kinachotaka kutoka au ni tusi, na kutojua huko kulimtisha kuliko jasho. Akakiweka kijiti chini kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika yai.

"Si pepo, mama," alisema. Sauti ilikuwa yake, akashangaa. "Nimetolewa vifuko vya mayai. Vyote viwili. Mwili wawaka moto, nami siuwezi. Kila nikiamka naogopa nitakuwa nani leo."

Bi Amal aliitazama mikeka. Shanga za tasbihi, zilizokuwa zikigongana tangu alasiri, zikanyamaza.

Zeina aliugeuza mkono wake wa kushoto, akaangalia ule mstari mweusi kwa muda mrefu. Kisha akaulaza juu ya mto, akanyoosha wa kulia.

"Bado huu, da Kibibi."

Kibibi akachovya kijiti. Jani la kwanza likakaa. La pili likakaa. Alipoanza la tatu, chini ya kitovu kitu kikawaka, kidogo, kama kibiriti kilichokwaruzwa chumba cha pili. Mkono ukasimama juu ya kiganja cha bi harusi, na ncha ya kijiti ikavimba tone jeusi.

Nyuma yake nguo zilichakarika. Mtu alikuwa anainuka. Hakuthubutu kugeuka. Upepo mdogo wa kipepeo, wenye harufu ya ukili mkavu, ukampita kisogoni mara moja.

Akakizuia kijiti, akausubiri upepo wa pili.